Mfangano na kamera: nilipanda mlima, picha ikabaki majini

#1 Kamera_ya_Kondele

Wadau, habari za jioni. Mwezi uliopita nilitangaza hapa kwamba naenda Mfangano kupiga picha, mkanionya nisije nikarudi kimya kimya. Basi nimerudi. Nina picha mia nane na ushee, zinazofaa kuonyeshwa watu hazifiki kumi na mbili, na lenzi moja iko kwa fundi inasubiri hukumu. Nitaeleza yote, ya aibu nayo.

Kwa ambaye hajafika: Mfangano iko kaunti ya Homa Bay, magharibi ya Rusinga. Usifikirie kisiwa cha mchanga mweupe, hiyo ni jirani yake Takawiri. Mfangano ni mlima uliosimama ndani ya Ziwa Victoria, na watu wamejipanga kwenye miguu yake kando ya maji. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Kwitutu kinakaribia 1,700. Piga hesabu mwenyewe miguu inapanda kiasi gani.

Nilitoka Kisumu na matatu hadi Luanda K'Otieno, feri hadi Mbita, nikalala. Asubuhi nikapanda mashua ya kwanza, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Mpaka hapo mambo yalikuwa mswano.

Shida ni kwamba nilienda na picha ambayo nilikuwa nimeshaipiga kichwani kabla sijatoka Kondele: niko kileleni, jua linachomoza nyuma ya Rusinga, maji yamekuwa dhahabu. Nikatafuta kijana mwenyeji aniongoze, tukaanza kupanda saa tisa na nusu usiku. Giza totoro, mwezi hakuna. Njia inapita kwenye mashamba ya watu, mbwa wanabweka boma hadi boma, halafu inaingia kwenye mawe. Kuna mahali nilibana tochi kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika jiwe.

Nusu ya njia yule kijana akasimama, akaniambia, "Hebu geuka."

Nikageuka. Ziwa lote lilikuwa limewashwa taa. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa, jamani. Ukiwa ufuo wa Dunga, Kisumu, unaziona chache kwa mbali, unadhani ni ng'ambo. Pale zilikuwa zimetapakaa mpaka macho yanachoka, kama kuiangalia Nairobi usiku ukiwa vilima vya Ngong. Akaniuliza, "Hupigi?" Nikamjibu, "Tutapiga tukishuka, jua litatuacha."

Jua halikuwa na haraka yoyote. Tulifika juu saa kumi na moja na nusu, tukakaa kwenye umande tukitetemeka zaidi ya saa nzima. Ilikuwa Februari, watu wanachoma mashamba, vumbi liko hewani, na ziwa nalo linapumua mvuke wake. Jua lilipoonekana lilikuwa limeshapanda, limepauka, kama kiini cha yai kilichopasukia kwenye uji. Rusinga ilikuwa doa la kijivu. Nilipiga picha mia mbili za hilo doa. Tuliposhuka, taa zote zilikuwa zimezimwa na wavuvi wako ufuoni wanapakua.

Usiku uliofuata nikajipanga kwa taa. Radi ikaanza saa mbili, mvua ikanyesha ziwani mpaka alfajiri, hakuna aliyetoka.

Siku ya tatu mvuvi mmoja akanichukua kwenye mashua yake alfajiri, na huko majini ndiko nilikopata picha yangu moja ya maana. Mlima wote uko mbele yako, wingu limekaa kwenye bega lake la kushoto, na mbele yake mashua tatu zinarudi, taa moja bado haijazimwa. Nilipiga nimekaa juu ya nyavu zilizolowa. Ile picha niliyoipandia mlima usiku kucha ilikuwa chini muda wote.

Ya lenzi: siku ya kurudi nilichelewa kwa sababu ya sahani ya ngege na kuku mmoja aliyekuwa anapigana na kenge (picha imetoka ukungu). Nikapanda mashua ya saa tisa. Wimbi la kwanza likamwagikia abiria, la pili likaingia kwenye begi langu ambalo nililiacha zipu wazi kwa tamaa ya picha ya mwisho. Nisimlaumu nahodha, alikuwa ameshatuambia tufunge mizigo.

Maswali karibuni.

#2 Wa_Nax

Pole sana mzee, lakini nimecheka pale kwa uji 😂

Sisi wa Nakuru tumeharibiwa na mbuga. Unapiga picha ukiwa ndani ya gari, mfuko wa maharagwe kwenye dirisha, faru anakuja mwenyewe. Nikiambiwa nibebe tripodi kupanda mlima usiku naona kama adhabu. Swali langu ni moja: ulibeba lenzi gani, na kama ungerudi ungeacha gani nyumbani?

#3 Kamera_ya_Kondele

@Wa_Nax nilibeba tatu. Ningeacha ile ndefu kabisa, uzito wake niliulipa kwa magoti. Lenzi pana moja na ya kati ya kuvuta (70-300) zinatosha kisiwa kizima. Mlima ukiwa kwenye mashua unaingia wote kwa lenzi ya kati, huhitaji pana hata kidogo. Hilo lilinishangaza.

#4 Mwalimu_wa_Mbita

Kamera, ndugu yangu, ungeuliza kabla. Mimi nimefundisha huku miaka mingi na kila mwaka naona mgeni mmoja mwenye kamera analia gatini jioni.

Sikiliza namna ziwa linavyofanya kazi. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Ndiyo maana kuanzia saa saba, saa nane, upepo unavuma kutoka ziwani na mawimbi yanaamka. Usiku inageuka: nchi inapoa, maji bado yana joto, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, hewa inakutana katikati ya ziwa na kupanda. Ndizo radi zako za usiku. Kisumu mnanyeshewa jioni, sisi ziwani tunanyeshewa usiku kuelekea alfajiri. Kwa hiyo mwenye kamera anasafiri asubuhi, mwenye haraka anasafiri mchana, na wewe ulikuwa na vyote viwili.

La pili, omena. Wavuvi hutoka usiku wa giza. Omena hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki hawakusanyiki. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola, ndiyo maana rangi imebadilika kutoka njano kuwa nyeupe. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata nauli. Ukija mwezi mpevu utaupiga mlima unang'aa vizuri sana, lakini ziwa litakuwa tupu.

Na la jua: mwezi wa pili usiutegemee kwa picha za mbali. Njoo baada ya mvua mbili tatu kubwa zikiosha hewa. Utaviona vilima vya Gembe na Gwasi kana kwamba unaweza kuvigusa.

#5 Fundi_wa_Oginga

Usiweke lenzi kwenye mchele. Nasema mapema kabla hajatokea wa mchele.

#6 kaka_mrefu_Ahero

Weka kwenye mchele, wa kwetu Ahero unakausha mpaka dhambi.

#7 Fundi_wa_Oginga

@kaka_mrefu_Ahero ndio hawa. Mchele una unga, unga unaingia kwenye gurudumu la kulenga, halafu mnaniletea mkisema "iliacha yenyewe". Maji ya ziwa ni baridi kuliko ya bahari kwa maana ya chumvi, hayali chuma haraka, kwa hiyo una nafasi. Toa betri, usiwashe, futa, weka kwenye chombo kinachofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Siku mbili tatu. Ukungu ukibaki kati ya vioo, lete kwa mtu wa kuifungua. Hatari kubwa ni kuvu, ikiota ndani inakula dawa ya kioo.

#8 Shinyalu_Msituni

Mimi niko upande wa Kakamega, napiga ndege. Naona hakuna aliyetaja ndege na Mfangano ni mali. Furukombe je? Ile miti iliyokufia majini ziwa lilipofurika 2020, kila mti una mwenyewe. Jozi moja ina kipande chake cha ufuo, ikiona jozi nyingine inarusha kichwa nyuma na kupiga ule ukelele. Hiyo ndiyo picha, kichwa kimerudi mgongoni, mdomo wazi. Wengi wanangoja akiwa ameshika samaki.

Na hapo nina neno. Kuna manahodha wanaorushia furukombe samaki ili mgeni apate picha. Samaki anajazwa kipande cha funjo aelee, mluzi unapigwa, ndege anashuka, kamera zinalia. Nimeona Naivasha, nimeona na ziwani huku. Binafsi sitoi pesa yangu kwa hilo. Ndege anameza funjo, na picha zote duniani zinafanana: mabawa juu, kucha mbele, mandhari ya maji. Wewe Kamera ulifanya?

#9 Kamera_ya_Kondele

@Shinyalu_Msituni nitasema kweli. Nahodha alirusha moja bila kuniuliza, nikapiga. Ni kati ya zile kumi na mbili. Sasa umenifanya niiangalie vibaya.

#10 Wa_Nax

Shinyalu mimi sikubaliani sana. Yule nahodha analisha watoto kwa hiyo picha. Na mvuvi akitupa samaki mdogo siku zote ndege anachukua, haijaanza na kamera.

#11 Shinyalu_Msituni

Samaki mtupu, sawa, tunaweza kubishana. Funjo ndani ya samaki, hapana, hapo hatubishani. Muulize nahodha kabla ya injini kuwaka, mwambie hutaki cha kujazwa. Atakuelewa, pesa ni ileile.

Tena, ukitaka ndege wengi bila kurusha chochote nenda Mbasa jioni, kile kisiwa kidogo cha ndege. Mnandi na yangeyange wanarudi kulala kwa makundi, mawe yamekuwa meupe kwa kinyesi. Kaa upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwao, kwa ajili ya pua yako. Usishuke kisiwani, utawainua wote na mayai yatabaki wazi. Zima injini, acha mashua ielee. Shata (muda kamera inaobaki wazi) sekunde 1/2000 wakiwa wanaruka, au fanya kinyume, 1/15, ufuate mmoja kwa kamera, wengine wawe michirizi. Mimi hiyo ya pili naipenda zaidi ingawa tisa kati ya kumi utazifuta.

#12 droni_boy

Vipi kupeleka droni huko, mlima ukiwa na ziwa pande zote si itakuwa moto?

#13 Mwalimu_wa_Mbita

Bila karatasi za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usithubutu. Hapa tuko karibu na mpaka wa Uganda, kitu kikivuma angani watu hawaanzi kwa kuuliza kama ni cha arusi.

#14 Mawe_Yanasema

Nimesoma jiolojia, naomba nichangie kidogo halafu niondoke. Mnauita mlima, na ni mlima, lakini ni kipande cha kitu kikubwa zaidi. Mfangano na Rusinga ni masalia ya ubavu wa volkano ya kale iitwayo Kisingiri, kitovu chake kiko bara, upande wa Rangwa. Majivu yalikuja tabaka kwa tabaka, lava ikafunika juu. Ndiyo maana mawe ya juu ni magumu na ya chini yanamomonyoka, na ndiyo maana Rusinga ni maarufu kwa visukuku: mwaka 1948 Mary Leakey aliokota pale fuvu la Proconsul, sokwe wa kale. Majivu yalikuwa yamevihifadhi.

Kwa mpiga picha maana yake ni hii. Simama na mashua, tazama mlima saa kumi na moja jioni mwanga ukiwa wa ubavuni. Utaona mistari ya tabaka imelala kama chapati zilizopangwa. Saa sita mchana huoni kitu, mlima unakuwa ukuta wa kijani.

#15 Binti_wa_Nyalenda

Mimi natumia simu tu, msinicheke. Nilienda mwaka jana na chama chetu. Swali langu ni kuhusu ile michoro ya mapangoni. Tulipelekwa Kwitone, tukakuta mviringo ndani ya mviringo, nyekundu na nyeupe. Mwenzetu mmoja alitaka kuimwagia maji ati rangi ichangamke kwenye picha. Mzee aliyetupeleka alimkemea vibaya sana. Je, maji yana shida gani?

#16 Mawe_Yanasema

Nilisema naondoka lakini hili siwezi kulipita. Yule mzee mpelekee sukari kilo mbili. Maji yanayeyusha madini ya kwenye jiwe, yakikauka yanaacha utando mweupe juu ya mchoro, na rangi yenyewe inabanduka. Ukiona mchoro umefifia mahali pengi, si umri peke yake, ni mikono na vikombe vya maji vya watu waliotaka picha.

Na hapo si mahali pa mchezo. Michoro ya Kwitone na Mawanga inasemekana ni ya Batwa, wawindaji waliokaa huko kabla ya Abasuba kuja kutoka upande wa Uganda. Abasuba wenyewe wakapaheshimu, Kwitone ilikuwa mahali pa kuombea mvua. Pitia kwanza kwenye makumbusho yao ya jamii pale Ramba, watakupa mtu wa kukupeleka na ada yako itaingia panapostahili.

Kwa simu: zima flashi, inapiga jiwe uso kwa uso na kulifanya bapa. Muombe mwenzako asimame kando na kitambaa cheupe au hata kanga upande wa nyuma, arudishe mwanga wa nje kutoka ubavuni. Utashangaa.

#17 Binti_wa_Nyalenda

Asante sana. Basi na mimi nichangie langu. Nyinyi wanaume mmezungumza mlima, ndege, taa. Pale Sena, kijiji cha kisiwani, asubuhi picha ziko chini, miguuni pako. Akina mama wanaanika omena kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa. Omena mbichi ana mgongo wa kijani kidogo na ubavu kama kioo, akikauka anakunjika mkia na kuwa rangi ya bati. Mama anapita na ufagio wa chelewa anawageuza, na vile wanavyoruka kila mmoja anashika jua lake. Inama mpaka simu iguse chini kabisa. Utanuka siku mbili, lakini utapata.

Ila omba ruhusa. Mimi nilimsalimia mama mmoja, nikamsaidia kuchagua takataka nusu saa, nikanunua gorogoro moja, halafu ndio nikatoa simu. Kuna mgeni alikuja na lenzi kama bunduki akapiga kutoka mbali, walimzomea mpaka akapanda bodaboda akaenda. Halafu mnasema watu wa visiwani ni wakali.

#18 Kamera_ya_Kondele

Binti, umeniumbua bila kujua. Yule mgeni sikuwa mimi, lakini siku ya pili nilifanya karibu sawa na yeye. Mama mmoja wa makamo akaniita, "Wewe wa kamera, njoo." Nikaenda nikijua natukanwa. Akataka kuona kioo. Akaangalia, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Hii ukienda nayo Kisumu mimi nitaionaje? Niletee ya karatasi." Nikaahidi. Nyote mnajua ahadi za wapiga picha.

#19 Wa_Nax

Kabla ahadi haijaoza, mtu aeleze jinsi ya kupiga hizo taa. Mimi najipanga na wasee wangu, giza lijalo tuko huko.

#20 Shinyalu_Msituni

Kwa ufupi. Ukiwa kwenye mashua sahau, utapata minyoo ya mwanga. Piga kutoka nchi kavu, na usipande juu sana, ukiwa kileleni taa zinakuwa punje. Tripodi, lenzi pana, tundu wazi kabisa, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, shata sekunde mbili hadi nne. Ukizidisha, mashua zinayumba na kila taa inakuwa koma. Nyota nazo zinataka muda mrefu zaidi, sekunde kama ishirini, kwa hiyo piga mara mbili kisha uunganishe, au kubali nyota chache. Lenga kwa mkono kwenye taa ya mbali, kamera yenyewe itazunguka gizani kama mbwa anayetafuta mkia.

Na wadudu wa ziwa! Mkiona mawingu kama moshi unaosimama juu ya maji, hao hapo. Wanafuata mwanga wa kioo cha kamera. Fungeni midomo.

#21 Kamera_ya_Kondele

Nimerudi tena, wadau. Mwezi umeshapita, giza lilikuwa wiki iliyopita, mvua za masika zilikuwa zimeanza kunusa. Nilisafiri asubuhi kama mtoto mtiifu wa Mwalimu. Lenzi ilipona (Fundi, sikutumia mchele).

Nilimtafuta yule kijana. Safari hii tulipanda mpaka pale pale aliponiambia nigeuke, tukakaa kwenye jiwe na chupa ya chai ya tangawizi. Upande wa magharibi kulikuwa na radi ya mbali isiyo na sauti, inawasha mawingu kwa ndani. Taa hazikuwa nyingi kama mara ya kwanza, nadhani nusu, wengine waliogopa hali ya hewa. Nilipiga mpaka vidole vikafa ganzi. Iliyo bora ni ya sekunde tatu: taa kama sitini hivi, radi imewaka nyuma, na chini pembeni paa moja la mabati ambalo sikuliona nikipiga, linang'aa. Nimeiweka kwenye uzi wa picha za mwezi, nendeni mkaikosoe. Mwenyewe naona upeo wa macho umelala upande kidogo.

Asubuhi nikaenda Sena na bahasha. Nilikuwa nimemsafishia yule mama picha kubwa, na fremu juu. Alikuwa anaanika. Akapangusa mikono kwenye leso, akaishika kwa ncha za vidole, akaiangalia muda mrefu sana, mimi nangoja sifa. Akamwita jirani yake. Wakaangalia wote wawili wakiwa wameinama, wakaongea Kiluo haraka haraka, wakacheka.

Nikauliza wanasemaje. Jirani akanielekeza kwa kidole kona ya chini ya picha, "Anasema siku hiyo walimuuzia omena kabla hajakauka, ona hawa, bado wana maji. Alikuwa anabishana nao mwezi mzima, na ushahidi ulikuwa nao wewe Kisumu."